Plasta Juu ya Taa

Mchungaji Mtweve ana tabia moja mbaya. Anangoja mtu ameshakaa, ameshajifunika kitenge chake vizuri, miguu imeanza kupata joto, ndipo anasimama mbele ya watu wote na kusema, "Leo Bibi atatupa mfano." Kwani mimi ni ghala la mifano? Nilimwambia tangu juzi: Mchungaji, shule yangu iliishia siku mwalimu alipohamishwa, na wahubiri wenye suti umewajaza humu ndani. Akanijibu, "Bibi, wale wanajua maneno, wewe unawajua watu." Maneno matamu hayo. Ndivyo mnavyokuja kuniomba na mbegu za viazi. Tena akaniambia niyaandike kabisa, kusudi nisitoke nje ya barabara. Haya, nimeyaandika. Atakayesinzia nitamtaja kwa jina la ubatizo.

Palikuwa na mtu mmoja na mkewe. Majina siyataji, nawajua ninyi, mtatoka hapa mnahesabu kaya. Walikuwa wakikusanya maziwa. Asubuhi wanapita vijijini, wanachukua ya huyu na ya yule, wanayapeleka kituoni kwenye lile tangi la kupozea. Na walikuwa na gari bovu, la mkono wa nne au wa tano, lenye kulala njiani kama mlevi. Likilala, maziwa yanachacha. Maziwa yakichacha, ni mke anayezunguka kwa wenye ng'ombe kuomba radhi. Mume yuko chini ya gari anagonga chuma.

Siku moja yule mama akachoka. Akasema, "Baba nanihii," jina la mtoto naliacha, "safari hii tunanunua jipya. La dukani. Lenye dhamana."

Dhamana mnaijua? Ni kampuni kukuahidi kwamba gari hili likikusumbua kabla ya muda fulani, lilete, tutalitengeneza sisi, maana tumelitengeneza sisi. Basi wakajinyima. Yule mama alijinyima nyama, alijinyima viatu, hata sherehe za ndugu alienda na gauni lilelile mpaka watu wakadhani ni sare. Wakapata pikapu mpya, nyeupe, viti vyake vimefunikwa nailoni. Na nailoni hawakuitoa, watu wa kwetu hatutoi nailoni. Ukikaa inalia chini yako kama bata, lakini ni mpya bwana!

Dereva akawa mdogo wake yule mama. Mtu mzima, ana mke na watoto, mpole, mwendeshaji mzuri. Kwa mume yule ni shemeji, na walipendana. Wakitaniana kutwa.

Sasa yule mume hakuwa mtu mbaya. Sikilizeni vizuri hapo. Ujana wake alifanya kazi kwenye malori ya mbao, akajua spana, na mkono wake ulikuwa haukai. Oili ya gari alimwaga mwenyewe, akaweka mpya, aina ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko, akabadili na filta, kwa wakati wake. Shemeji akamtania, "Shemeji, unaliogesha gari kuliko unavyooga."

"Gari langu halikosi mchumba," akajibu.

Mpaka hapo kuna kosa? Hamna. Mungu amekupa mikono, itumie.

Lakini kuna watu wanaokaa gereji wakiongea. Kila mji wapo, na humu kanisani wapo pia, ila wenu hawashiki spana. Walimwona anafungua boneti, wakasogea. Mmoja akauliza, "Thamostati umeshaitoa?"

"Ya nini kuitoa?"

"Mzee! Kile kidude ni cha Ulaya. Kule kuna theluji. Hii ni nchi ya joto. Kiache humo kikuchemshie injini. Gari likija tu, kitu cha kwanza ni kukitoa kile."

Na wote wakaitikia, ndiyo, ndiyo, lazima kitolewe. Nchi ya joto! Hayo yanasemwa Njombe hii hii, mwezi wa saba, na msemaji amevaa koti la sufu, kofia ya kuziba masikio na soksi mbili. Nawauliza ninyi mliokuja leo na mablanketi: nani amemwona huyo joto? Anakaa mtaa gani?

Basi akakitoa. Mambo yanayosemwa na watu wengi kwa sauti moja ni mazito kuyakataa, hata ukiwa unatetemeka kwa baridi. Akakitupa, akafunga boneti, akajiona fundi. Mkewe hakuambiwa.

Baada ya muda petroli ikaanza kuisha mapema. Wanajaza tangi, halifiki mwisho wa wiki. Wanajaza tena, vilevile. Njia ni ileile, vijiji ni vilevile, ng'ombe hawajahama. Petroli inakwenda wapi?

Semeni ninyi. Petroli ikipungua kwenye gari lenye dereva, anayeshukiwa ni nani?

Eheee. Hata hamkufikiri.

Yule mume akaanza kumnusa shemeji yake. Shati likiwa kwenye kamba, anapita analinusa kama mbwa wa polisi. Halafu akanunua kufuli, akalifunga kwenye kifuniko cha tangi. Ufunguo akauvaa shingoni, ndani ya fulana. Petroli ikaisha palepale ilipokuwa inaisha. Mtu mwenye akili angesema, basi si yeye. Huyu akasema, "Kumbe ana ufunguo wa bandia!" Ndivyo ilivyo. Mwizi ukishamwamua moyoni, hata kufuli linasimama kutoa ushahidi dhidi yake.

Asubuhi moja akamfuata kituoni. Watu wamejipanga na ndoo zao, ukungu umetanda, kila mtu anapuliza vidole. Shemeji anashusha madebe.

"Shemeji, mafuta yangu unauzia wapi?"

"Mafuta gani, shemeji?"

"Usinijibu kwa swali. Nauliza unauzia wapi."

Yule akadhani ni utani wao wa siku zote. Akasema, "Nayanywa, shemeji. Si unaona ninavyonawiri?"

Watu wakacheka. Na kile kicheko ndicho kilichomaliza. Mume akapandisha hasira, akapiga kelele mpaka ng'ombe wa mbali wakageuka: "Mwizi wewe! Nimekuokota, nimekupa kazi, unaninyonya! Mwizi!"

Shemeji akaweka debe chini taratibu, lisimwagike, maana yale maziwa yalikuwa ya watu. Akafuta mikono kwenye suruali. Akatoa ufunguo wa gari, akauweka juu ya boneti. Akaenda kwa miguu, ukungu ukamfunika.

Mnajua neno hilo linafanya nini kwa dereva? Unaweza kumwita dereva mlevi, bado atapata kazi. Mwite mwizi wa mafuta, kisha ngoja uone nani atampa ufunguo. Yule kijana wa watu alizunguka mji mzima. Kila tajiri aliyemwendea alikuwa ameshasikia. Akarudi kwenye jembe. Na yule mama, dada mtu, akawa amesimama katikati, mguu mmoja kwa mume, mguu mwingine kwa mama yake mzazi, na mama yake akamtumia ujumbe: "Ukija, njoo peke yako. Na ukija, usiniletee salamu za mtu."

Sasa mume akaendesha mwenyewe. Hakuna shemeji. Hakuna mwizi. Kufuli lipo, ufunguo uko shingoni.

Petroli ikaisha.

Hapo ndipo nataka mniangalie. Kosa la kwanza lilikuwa ujinga, na ujinga unasamehewa, la sivyo humu ndani pangebaki viti tu. Lakini siku ile, akiwa peke yake kwenye gari lake, mshale wa petroli umelala chini, alijua. Hakuambiwa na mtu, alijua shemeji si mwizi. Je, alikwenda kwa shemeji yake? Alimwambia mkewe? Thubutu!

Tena na taa ikawaka. Taa ya njano, pale mbele ya macho ya dereva, inayosema, nenda kwa kampuni haraka, injini ina jambo. Na yeye akafikiri hivi: nikienda kwa kampuni watafungua boneti. Wakifungua wataona mkono wa mtu. Wakiona, dhamana imekufa. Na dhamana ikifa, mke wangu aliyejinyima kwa ajili yake nitamwambia nini? Basi akachukua plasta, ile ya kidonda, akaibandika juu ya taa.

Mnacheka. Chekeni. Nitawarudia.

Akawa anaendesha hivyo, na kila petroli inapoisha anachota kimyakimya kwenye hela ya maziwa, anajaza, kusudi mkewe asione. Mwizi aliyemtafuta kwa kufuli na kwa pua, sasa alikuwa amelala kitandani kwake, anakoroma ndani ya pajama zake mwenyewe.

Siku moja mkewe akapanda mbele, kwenda kumwona mwenye ng'ombe mgonjwa. Akaona.

"Hii plasta ya nini? Gari limejikata?"

"Taa inaniumiza macho."

"Taa gani?"

"Taa tu. Za magari mapya zina ukali."

Yule mama akaweka ukucha, akaibandua. Taa ikamkodolea macho. Akasema, "Geuza gari. Kesho tunakwenda Mbeya kwa kampuni."

"Hatuendi."

"Si tuna dhamana?"

"Dhamana imekufa."

"Imekufa lini? Mbona sikuona matanga?"

Hapo akamwambia habari ya kile kidude, na watu wa gereji, na nchi ya joto. Habari ya petroli hakuisema. Mkewe akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kama imekufa, wacha nikaione maiti kwa macho yangu." Wakaenda Mbeya.

Fundi wa kampuni alikuwa mtu mnene, mcheshi, anatafuna karanga. Akafungua, akachungulia, akainuka.

"Nani aliyetoa thamostati?"

Mume akaanza kufuta kioo cha gari kwa mkono wa koti.

"Mzee, nauliza tu. Hapa hatupigi mtu."

"Walisema ni ya Ulaya. Kwamba sisi nchi yetu ni ya joto."

"Ninyi wa wapi?"

"Njombe."

Yule fundi alicheka mpaka karanga zikamwagika. "Njombe! Mimi nililala Njombe siku moja, nikaamka nimekumbatia jiko! Sikiliza mzee. Hiki ni kilango. Injini ikiwa baridi kinajifunga, maji yasizunguke, injini ipate joto upesi. Ikipata joto kinafunguka chenyewe. Ninyi mmeng'oa mlango wa nyumba wakati wa baridi. Injini inatetemeka kutwa, na injini yenye baridi inakunywa petroli kama mjomba kwenye harusi."

"Basi dhamana imekufa," mume akasema, akiangalia viatu vyake.

"Nani kakwambia?"

"Si nimelifungua? Hata oili namwaga mwenyewe."

"Oili uliweka aina yake?"

"Aina yake."

"Kwa wakati?"

"Kwa wakati."

"Risiti zake?"

Mkewe akafungua pochi, akazitoa. Yule mama alikuwa hatupi hata karatasi ya sukari.

Fundi akazitazama, akamrudishia. "Mzee, oili umebadili vizuri kuliko vijana wangu. Mtu kushika spana kwenye gari lake si dhambi, na dhamana haifi kwa hilo. Tunachokataa ni kile tu ulichokiharibu mwenyewe. Kilango hiki utakinunua. Mengine yote yako palepale tulipoahidi. Siku taa ilipowaka ungekuja, ungekunywa chai ukaondoka."

Fikiria. Kile alichokiogopa hakikuwepo. Aliogopa maiti, na maiti yenyewe ilikuwa hai, imekaa Mbeya inatafuna karanga, inamngoja.

Unadhani alifurahi? Alianza kufurahi. Lakini mkewe alikuwa bado amekaa kwenye benchi, pochi magotini. Akasema, "Fundi, baba, nikuulize. Kunywa huko petroli, mtu anaweza kudhani anaibiwa?"

"Wengi, mama. Wanafukuza madereva kila siku."

Yule mama hakumgeukia mumewe. Alingoja mpaka wako njiani, wameshapita mji, ndipo akauliza, "Ulijua lini?"

Mume akaendesha. Akaendesha. Akasema, "Nilipoanza kuendesha mwenyewe."

"Na ukanyamaza."

"Niliogopa dhamana, mama nanihii. Ningesema habari ya mafuta, ningetakiwa kusema na habari ya kidude."

"Kwa hiyo taa uliibandika plasta mbili," mkewe akasema. "Moja ni ile niliyoibandua. Ya pili ni mdogo wangu."

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapowarudia ninyi mliocheka.

Sisemi kwamba Mungu ni kampuni ya magari, Mchungaji asije akanifuata nyumbani na Biblia. Nasema habari zetu. Sisi ni watu wa kubandika plasta. Umekosea mahali, labda kwa ujinga, labda uliwasikiliza watu wa gereji. Taa ikawaka moyoni. Badala ya kwenda kwa aliyekutengeneza, ukasema, siendi, akinifungua ataona mkono wangu, atanikana. Wewe uliyeacha kuja mezani kwa Bwana tangu mambo yale yatokee, unasema unaumwa miguu. Miguu gani? Jana nimekuona mnadani, ulikuwa unakimbilia mbuzi.

Nani kakwambia dhamana imekufa? Ulimuuliza mwenyewe? Au umeamua tu, umezika, umekula na matanga, na yeye yuko kule anakungoja na spana mkononi?

Na nyie wengine, msijifiche nyuma ya huyo wa mnadani. Hofu yetu haikai peke yake, inatafuta mtu wa kumfunika. Nyumba imevunjika, tunasema ni mchawi. Mtoto ameharibika, tunasema ni mama yake. Hela ya kikundi imepungua, tunamwangalia yule mwenye viatu vilivyochanika. Nani kati yetu hajawahi kumpa mtu jina baya, kwa sababu ya kitu ambacho mkono wetu wenyewe ndio uliking'oa? Inueni mikono tuwaone. Haya, nilijua. Mmeshika mablanketi.

Mimi siwatishi. Kutisha ni kazi ya vijana, sauti wanayo. Nawaambia habari njema, na nawaambia bila kuipaka asali: ahadi ipo. Oili uliyobadili vizuri inaonekana. Yale mema uliyoyafanya kwa mikono yako hayatupwi kwa sababu ya kilango kimoja. Nenda. Fungua boneti mwenyewe, kabla hujafunguliwa. Utacheka na fundi, na kile ulichong'oa kitarudi mahali pake, na utapata joto tena. Hata Njombe.

Ila kuna sehemu moja ambayo dhamana haigusi, na nisiposema hilo nitakuwa nimewadanganya. Mungu akishakusamehe, bado shemeji yako yuko shambani.

Mnataka kujua kama shemeji alirudi kwenye usukani. Alirudi. Anaendesha mpaka leo, na petroli inafika mwisho wa wiki. Lakini hakurudi bure.

Yule mume alimfuata shambani, kwenye viazi, amebeba kuku na kilo za sukari. Akaeleza yote, kidude, petroli, taa, plasta. Shemeji akamsikiliza akiwa ameegemea jembe. Akasema, "Karibu, shemeji. Kuku mrudishe, naona ni yule mwenye vifaranga. Sukari mpelekee mama, huenda akakufungulia mlango."

"Basi uje kesho uchukue ufunguo."

"Ufunguo nitachukua. Kwanza jina langu."

"Si nimeshakuomba radhi hapa?"

"Hapa umeniomba mbele ya viazi, shemeji. Viazi havikuniita mwizi. Uliniita kituoni, watu wameshika ndoo zao. Lirudishe ulikolichukulia."

Akamwomba wapatane kwa njia nyingine. Akamtajia ng'ombe. Akamtajia kumkatia kipande cha shamba. Shemeji akaendelea kupalilia.

Basi akaenda. Asubuhi, ukungu, watu wamejipanga, wanapuliza vidole. Akasimama penye tangi, akavua kofia, akasema maneno yake kwa sauti ndogo, haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Kikongwe mmoja nyuma akapaza sauti, "Baba, siku ile ulipiga kelele tukasikia mpaka jikoni. Na leo tusikie!"

Ikambidi aseme upya, kwa sauti ileile ya siku ile: "Mwizi hakuwepo! Gari nililiharibu mimi! Nikajua, nikanyamaza, nikamwacha shemeji yangu abebe!"

Na waliochelewa walipofika na ndoo zao, wakauliza kuna nini, akarudia tena.